Kitabu hiki ni cha umri gani? Jinsi maktaba ya shule inavyochagua vitabu vipya

Kila baada ya muda, picha ya ukurasa mmoja wa kitabu huzuka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Sentensi mbili tatu zimezungushiwa wino mwekundu, na chini yake kuna swali: "Haya ndiyo wanayosomeshwa watoto wetu?" Kabla jua halijatua, mmoja anataka mwalimu achukuliwe hatua, mwingine anataka maktaba nzima ipekuliwe, na wa tatu anawaambia waache unafiki kwani watoto wana simu. Jambo lisiloulizwa ni lile ambalo lingemaliza nusu ya ugomvi: kitabu hicho kilinunuliwa kwa ajili ya nani, na aliyekichagua alikipima kwa vigezo gani?

Wengi tunadhani vitabu vya maktaba ya shule huingia kwa njia moja kati ya mbili. Ama serikali imeviidhinisha kimoja kimoja, ama mkutubi amejinunulia alichokipenda. Mara nyingi si hivi wala vile. Katikati kuna kazi ya kusoma, kulinganisha na kubishana ambayo watu wa nje hawaioni, na inapofanywa vizuri ndiyo haionekani kabisa.

Maneno machache kwanza. Kitabu cha kiada ni kile kinachofuata mtaala na kufundishiwa darasani. Mwanafunzi hana hiari nacho. Kitabu cha ziada humsaidia mwalimu kupanua somo. Kitabu cha maktaba ni cha hiari: kinakaa rafuni kikimngoja anayekitaka. Jumla ya vitabu vyote vya maktaba huitwa mkusanyiko, na kazi ya kuamua kipi kiingie ndiyo uteuzi. Vyombo vya serikali vinavyotoa ithibati mara nyingi hujishughulisha zaidi na vya kiada, huku vya hiari vikiachiwa shule. Hata Ufaransa, ambayo tangu mwaka 1949 ina sheria na tume ya kuangalia machapisho ya watoto na vijana, sheria hiyo inasema yasiyofaa kuwafikia watoto. Haiiambii shule ni kipi kati ya maelfu yaliyoruhusiwa kinachofaa kwa darasa la nne.

Tofauti ya kiada na hiari ina uzito kuliko inavyoonekana. Kitabu cha kiada lazima kimfae kila mtoto darasani. Cha maktaba hakibebi mzigo huo. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India aliyechapisha kanuni 5 za ukutubi mwaka 1931, aliweka mbili zinazokwenda pamoja: kila msomaji apate kitabu chake, na kila kitabu kipate msomaji wake. Kwa hiyo kitabu kinaweza kustahili nafasi rafuni ingawa watoto 30 kati ya 40 hawatakigusa, na ingawa kwa baadhi yao bado ni mapema.

Maswali matatu kwa pumzi moja

Mzazi anapouliza kitabu ni cha umri gani, huwa ameuliza mambo matatu kwa mpigo. Mtoto ataweza kukisoma? Yaliyomo yanamfaa? Kitamvutia? La kwanza linahusu kiwango cha usomaji, yaani ugumu wa msamiati, urefu wa sentensi na wingi wa maandishi katika ukurasa. La pili linahusu maudhui: kifo, vita, mapenzi, matusi, ukatili, dawa za kulevya, imani, na namna mambo hayo yanavyoshughulikiwa. La tatu ni la mvuto, na ndilo wakubwa hulidharau.

Majibu ya maswali haya hayaendi sambamba. Mtoto wa miaka 8 aliyewahi kujua kusoma anaweza kuipitia riwaya ya watu wazima mwanzo hadi mwisho bila kukwama kwenye neno, asielewe kwa nini yule mama kila siku anarudi alfajiri. Kijana wa miaka 15 aliyechelewa kusoma, au anayesoma kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao, anahitaji sentensi za darasa la tatu. Lakini mpe hadithi ya sungura aliyepoteza kofia, atakirudisha kitabu kabla hujageuka, na pengine asikanyage tena maktaba. Wapo wachapishaji wanaotoa vitabu kwa ajili ya wasomaji wa namna hiyo: mambo ya kivijana, lugha nyepesi, sura fupi, jalada lisilomwaibisha mtu akionekana nalo. Maktaba nyingi za shule hazina vitabu hivyo vya kutosha, na kwa maoni yangu pengo hilo lina madhara kuliko vingi vya vitabu vinavyopigwa picha na kusambazwa.

Sasa, ile namba iliyopachikwa jaladani au kwenye katalogi ya muuzaji hujibu swali la kwanza peke yake. Ni kama namba ya kiatu: inakuambia kama kitakuenea, haikuambii kama ni cha mpira au cha harusini.

Namba hizo zina historia. Mwaka 1948 Rudolf Flesch alichapisha fomula iliyohesabu wastani wa maneno katika sentensi na wastani wa silabi katika neno. Mwaka 1975 ikafanyiwa marekebisho kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani, ili itoe jibu kwa daraja la shule. Wanamaji walitaka kujua kama miongozo yao ya mafunzo inasomeka. Hakuna aliyekuwa akiwaza watoto na hadithi zao. Kipimo kingine kinachotajwa sana, Lexile cha kampuni ya MetaMetrics, huangalia urefu wa sentensi na kama maneno yake ni ya kawaida au adimu. Wenye kipimo wenyewe husema wazi kwamba hakipimi ubora wa kitabu wala kama maudhui yanaufaa umri fulani. Onyo hilo halipachikwi jaladani.

Mfano unaotosha ni riwaya ya John Steinbeck, The Grapes of Wrath, ya mwaka 1939. Waandaaji wa viwango vya elimu vya Common Core vya Marekani, mwaka 2010, waliutoa wenyewe kuonyesha mipaka ya vipimo hivi: kwa kuhesabu sentensi na maneno tu, riwaya hiyo inaangukia daraja la darasa la pili na la tatu. Ni riwaya ya familia ya wakulima waliong'olewa kwenye ardhi yao kwa ukame na madeni, wakatangatanga na njaa. Mwandishi aliwapa watu wake maneno machache na mepesi, kompyuta ikaona maneno machache na mepesi.

Kwa vitabu vya Kiswahili hali ni mbaya zaidi. Fomula inayohesabu silabi ilibuniwa kwa Kiingereza, na lugha yetu hubandika kila kitu kwenye kitenzi. "Hatukumwambia" ina silabi 6, na mtoto wa darasa la kwanza huitamka bila kufikiri mara mbili. Shule ikipima vitabu vya Kiswahili kwa fomula hiyo itaishia kuamini kwamba hadithi za chekechea ni tasnifu. Njia ya kienyeji hushinda: mpe mtoto afungue ukurasa wowote wa katikati, asome, na kila anapokutana na neno asilolijua akunje kidole. Akimaliza vidole vya mkono mmoja kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho kwa sasa ni kigumu kwake akiwa peke yake. Hakijawa kibaya, labda kinangoja mwaka, au kinangoja mtu wa kumsomea.

Mwaka 2008 wachapishaji wa Uingereza walitaka kupiga mihuri ya umri kwenye majalada ya vitabu vya watoto. Waandishi wengi walipinga, Philip Pullman akiwa miongoni mwa waliopaza sauti zaidi. Hoja yao kubwa ilimhusu mtoto: msomaji wa miaka 11 anayesuasua hatakishika kitabu chenye muhuri wa miaka 7 mbele ya wenzake. Jambo hilohilo hutokea maktaba inapobandika kiwango cha usomaji mgongoni mwa kitabu ambapo darasa zima linaona. Chama cha wakutubi wa shule cha Marekani, AASL, hushauri wazi kutofanya hivyo. Namba zinaweza kukaa kwenye katalogi ya mwalimu. Rafuni inatosha rangi ya kuonyesha aina ya kitabu, mathalani hadithi za upelelezi, wanyama, historia.

Kupima maudhui si kuhesabu maneno mabaya

Hapa ndipo penye ugomvi.

Tuseme mkutubi ana riwaya mbili mezani, zote zina baba mlevi anayempiga mama. Katika ya kwanza, anayesimulia ni binti wa miaka 11. Yuko chini ya kitanda na mdogo wake, amemziba masikio, anasikia sahani ikivunjika na kiti kikiburutwa, kisha kimya. Kipigo chenyewe hatukioni. Asubuhi anamwona mama akifunga kitambaa kwa namna ya kuficha shavu, na sura tatu zinazofuata ni za binti huyo akitafuta mtu mzima wa kumwambia, akikosea mara ya kwanza, akimpata mara ya pili. Katika riwaya ya pili, kipigo kina kurasa nne, pigo kwa pigo, kimeandikwa kwa ucheshi. Mama anaanguka, majirani wanacheka, sura inafungwa, na hakuna anayekitaja tena hadi mwisho.

Ukitafuta neno "alimpiga", riwaya ya kwanza huenda isiwe nalo hata mara moja, na bado ndiyo nzito zaidi moyoni. Ukipiga picha ukurasa mmoja wa kila kitabu, wa kwanza unaweza kuonekana wa kutisha na wa pili wa kuchekesha. Mkutubi anayejua kazi yake atainunua ya kwanza kwa wasomaji wa miaka 11 au 12 hivi, na ataiacha ya pili hata kwa wa miaka 16. Anachouliza ni hiki: tendo limesimuliwa kwa undani kiasi gani, na undani huo unamsaidia nani? Tunalitazama kwa macho ya nani, anayeumia au anayeumiza? Lina matokeo, au linapita kama upepo? Mtoto aliyepitia jambo hilohilo usiku uliopita akisoma, atabaki na nini mkononi? Swali hilo la mwisho ndilo linalotenganisha vitabu viwili ambavyo orodha ya maneno yaliyokatazwa ingeviweka kapu moja.

Picha zina hesabu yake. Mtoto asiyelielewa neno hulipita. Picha haimngoji aelewe. Ndiyo maana vitabu vya katuni vinahitaji kufunguliwa kurasa zote, na ndiyo maana wanaodhani katuni ni za watoto huumbuka. Katuni ni namna ya kusimulia, si umri. Wajapani, wenye soko kubwa la vitabu vya aina hii, huvigawa tangu mwanzo: kuna vya wavulana, vya wasichana, na vya watu wazima. Anayeagiza kwa kutazama jalada lenye macho makubwa na nywele za rangi atakuja kujuta.

Imani nyingine ni kwamba hadithi za kale hazina shida, kwa vile babu na bibi walizisimulia. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa toleo la kwanza la ngano walizozikusanya mwaka 1812. Katika toleo hilo, Rapunzel aliyefungiwa mnarani anamuuliza mlezi wake kwa nini nguo zinaanza kumbana. Msomaji anajua ana mimba. Wilhelm akaifuta dalili hiyo katika matoleo yaliyofuata, maana familia zilikuwa zimeanza kuwasomea watoto kitabu kile. Lakini mchawi wa ngano nyingine ya kitabu hichohicho, Hansel na Gretel, anayesukumwa ndani ya tanuri akateketea, aliachwa palepale. Kwa watu wa wakati huo mimba ilikuwa aibu, tanuri lilikuwa haki imetendeka. Na sisi tuna mazimwi yanayomeza kijiji kizima, tunawasimulia watoto wa miaka 4, wanalala fofofo. Ukatili wa ngano una umbali: hapo zamani za kale, hakuna jina la mtaa, na mwovu hupata chake. Ukiuhamishia kwenye nyumba yenye namba na mjomba mwenye jina, mtoto yuleyule hatalala.

Mipaka ya umri yenyewe

Kwa watoto wasiojua kusoma bado, kitabu hupimwa kwa sikio. Kitasomwa kwa sauti na mtu mzima, tena mara nyingi kupita subira yake, hivyo mchaguzi akisome kwa sauti kabla ya kuagiza. Vitabu vingi vya picha huwa na kurasa 32, na picha ndizo zinazobeba nusu ya hadithi. Maandishi yanayorudia kile ambacho picha imeshasema ni dalili ya kitabu kilicholala. Wa miaka 6 hadi 9 wanajenga kasi. Wanapenda mifululizo, shujaa yuleyule kitabu baada ya kitabu, na walimu wengi huikunjia uso. Sioni sababu. Mtoto aliyemaliza vitabu 12 vya shujaa mmoja amesoma vitabu 12.

Umri unaowatoa jasho wachaguzi ni wa miaka 10 hadi 13. Kwenye dawati moja utamkuta anayelala na mwanasesere na aliyevunja ungo. Shule nyingi huwaweka pia chini ya paa moja na wa miaka 6. Hapa ndipo kosa la tahadhari huzidi kosa la ujasiri: kitabu cha balehe kinachowekwa kwa ajili ya wa miaka 13 kinawafikia wasichana wengi wakiwa wamekwisha kuogopa peke yao, maana wapo wanaopata hedhi ya kwanza wakiwa na miaka 9 au 10. Kitabu cha mwili kinatakiwa kutangulia tukio. Kitabu cha mapenzi kinaweza kungoja. Hivyo ni vitabu viwili tofauti, na wanaovichanganya huviondoa vyote kwa pamoja.

Kuna kanuni ndogo inayosaidia sana katika umri huu: watoto hupenda kusoma juu ya waliowazidi kidogo. Shujaa wa miaka 12 atasomwa na wa miaka 10. Kwa hiyo riwaya yenye mhusika wa miaka 16 isipimwe kwa kumfikiria msomaji wa miaka 16. Itaazimwa na wa miaka 13, tena kwa wingi. Kwa wa miaka 14 na kuendelea, rafu inaweza kubeba karibu kila jambo la maisha. Swali hubadilika likawa la uaminifu: je, kitabu kinasema kweli juu ya jambo hilo, au kinalipamba ili kiuzike?

Vitabu vya maarifa, ambavyo hakuna anayevilalamikia

Mwongozo wa maktaba za shule uliotolewa mwaka 2002 na shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, ulipendekeza vitabu 10 kwa kila mwanafunzi, na angalau asilimia 60 ya mkusanyiko iwe vitabu vya maarifa vinavyohusiana na mtaala. Shule nyingi duniani ziko mbali na namba hizo, lakini uwiano wenyewe unafundisha. Sehemu kubwa ya uteuzi haihusu riwaya hata kidogo.

Na humo mna maudhui yasiyofaa ya aina nyingine: uongo uliozeeka. Mchaguzi hufungua kwanza ukurasa wa haki za uchapishaji, nyuma ya jina la kitabu, aone mwaka wa toleo na kama ni toleo jipya kweli au chapa mpya ya maneno ya zamani yenye jalada la kung'aa. Kisha anaruka hadi mahali panapomuumbua mwandishi. Kitabu cha sayari kinachoihesabu Pluto kuwa ya tisa kimeandikwa kabla ya mwaka 2006, au na mtu asiyefuatilia. Atlasi isiyo na Sudan Kusini ni ya kabla ya Julai 2011. Katika vitabu vya afya, kosa la namna hiyo linaweza kumdhuru mtu. Halafu anatazama faharasa nyuma. Bila faharasa mtoto hatapata anachokitafuta, na kitabu kitabaki pambo. Mwisho anakifungua katikati na kukilaza mezani kwa kukikandamiza: kurasa zilizogundishwa kwa gundi hafifu huachia hapohapo, na kitabu cha maktaba kitapitia mikono mingi.

Vigezo hivihivi ndivyo vya kutumia kwa vitabu vya msaada. Mpewa hachagui, wanasema, lakini maktaba ya shule inabidi ichague. Boksi la vitabu vya bure lililojaa miongozo ya kompyuta zisizotengenezwa tena na juzuu tatu za kamusi elezo yenye juzuu kumi na mbili hula nafasi, hula muda wa kuviorodhesha, na huwafundisha watoto kwamba maktaba ni stoo. Shule iliyoandika mapema kwamba misaada hupimwa kama vitabu vya kununua ina njia ya kukataa bila kumvunjia heshima mtoaji.

Kuchagua na kupiga marufuku

Wengine husema uteuzi ni jina la kistaarabu la kuzuia vitabu. Bajeti ikinunua 50 kati ya 500, si umevizuia 450? Mwaka 1953 Lester Asheim, mwalimu wa wakutubi nchini Marekani, alilijibu hilo kwa namna ambayo bado inatumika. Anayechagua, alisema, hutafuta sababu za kukiingiza kitabu. Anayezuia hutafuta sababu za kukitoa. Wa kwanza hutazama kitabu kizima, wa pili hutazama vipande. Bajeti ikikosa kutosha, kitabu kilichoachwa leo kinaweza kununuliwa mwakani. Kilichopigwa marufuku hakina mwakani.

Jibu hilo ni zuri, ila linawapendelea wakutubi. Miaka 6 baadaye, mwaka 1959, Marjorie Fiske alichapisha utafiti aliofanya California na kukuta kwamba wakutubi wengi waliviepuka vitabu vyenye utata wao wenyewe, bila kulalamikiwa na yeyote. Hofu ilitosha. Udhibiti wa aina hii hauachi barua wala kikao. Dalili yake ni rafu isiyo na hata kitabu kimoja ambacho mtu angeweza kukibishia.

Kuondoa kitabu kilichokwisha kuingia kuna uzito zaidi, hata mahakamani. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya bodi ya shule ya Island Trees, New York, iliyoondoa vitabu kadhaa maktabani. Majaji waligawanyika sana, hata hawakupata hoja moja ya wengi, lakini maoni yaliyoongoza yalisema bodi haiwezi kuondoa kitabu kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo. Inaweza kukiondoa kwa kukosa kufaa kielimu. Maoni hayo yaligusa uondoaji tu, hayakugusa ununuzi.

Karatasi ya kuomba kuiona

Shule makini huwa na sera ya uteuzi iliyoandikwa, kurasa mbili tatu. Inataja nani anaamua (kwa kawaida mkutubi akisaidiwa na kamati ya walimu, na mara nyingine wanafunzi), vigezo ni vipi kwa kila umri, maoni gani ya wahakiki yanatumika, na malalamiko yanapelekwa wapi. Kwa Kiingereza kuna majarida ya uhakiki ya muda mrefu, kama The Horn Book tangu 1924 na School Library Journal tangu 1954. Kwa lugha zisizo na majarida ya namna hiyo, hakuna njia ya mkato: walimu wagawane vitabu vya sampuli, kila mmoja asome viwili kwa ukamilifu, aandike nusu ukurasa. Ni kazi, lakini nusu ukurasa huo ndio utakaowaokoa siku ya malalamiko.

Maana malalamiko yatakuja, na mzazi ana haki ya kulalamika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 17, unazitaka nchi kuhimiza vitabu vya watoto vichapishwe na visambazwe, na ibara hiyohiyo inazitaka kuhimiza miongozo ya kumlinda mtoto dhidi ya yanayomdhuru. Anayemtaka mwenzake achague moja kati ya hayo mawili hajaisoma ibara yote.

Fomu ya malalamiko huuliza mambo mepesi: jina la kitabu, kurasa zinazolalamikiwa, umri wa mtoto aliyekiazima, unachopendekeza kifanyike, na kama umekisoma chote. Kitabu kwa kawaida hubaki rafuni wakati kamati inakisoma. Mzazi asiyetaka mtoto wake akiazime anaweza kusema hivyo kwa maandishi na ikawekwa alama kwenye kadi ya mtoto huyo peke yake, bila kungoja kikao na bila kumnyima mtoto wa mwenzake. Kamati ikimaliza huwa na majibu matatu: kibaki kilipo, kihamishiwe rafu ya wakubwa, au kiondolewe. La katikati hutumika kidogo kuliko linavyostahili, hasa katika shule zenye wa miaka 6 na wa miaka 13 pamoja. Uamuzi huandikwa na sababu zake na kuwekwa kwenye faili, ili kitabu kilekile kikilalamikiwa tena mwaka unaofuata kamati isianze upya, isipokuwa kuna hoja mpya.